Maji Tumboni mwa Mashine

Mara ya tatu kitanda kilipotoka vipele, niliweka kipulizio chini nikatangaza kwamba harusi haipo. Nilitangaza kwa sauti, na huku kwetu Likombe kuta zimegusana, kwa hiyo kabla sijavua glovu jirani yangu Asia alishafika mlangoni.

"Saumu, umesemaje?"

"Umesikia vizuri. Haipo!"

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa baada ya swala, vyombo vya mwanangu Warda vilitakiwa kubebwa kwa vigelegele mpaka kwa bwana harusi, kitanda kikitangulia, na kila mwanamke angekipapasa. Wanawake wa kwetu hawaangalii kwa macho tu. Na mimi kazi yangu ni hiyohiyo, kupuliza rangi samani. Nimewapulizia watoto wa wenzangu vitanda vikatoka vinateleza. Cha mwanangu mwenyewe ndicho kilikuwa kimeumuka vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Asia akapitisha kidole kwenye ubao wa kichwani. "Mh! Kitanda hiki kinamkataa mtu."

Nilimfokea aende kwake, lakini nilikuwa nawaza hivyohivyo. Rangi nimebadilisha. Tina ya kuzimulia rangi nimebadilisha. Msasa nimepiga mpaka mabega yamekufa ganzi. Kimebaki nini, jamani, kama si bwana harusi mwenyewe?

Ngoja niseme ukweli, Abdulkarimu sikumpenda tangu siku ya kwanza. Ni fundi pancha wa Nanyamba. Alikuja kujitambulisha wiki tatu nyuma, akasimama pale uani, mlangoni mwa karakana yangu, macho chini, hasemi. Nikimuuliza hili, "Ndiyo, mama." Nikimuuliza lile, "Ndiyo, mama." Basi nikamwona anaangalia kitu. Anaangalia kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, ya marehemu mume wangu! Aliikodolea macho kwa chini, pale nilipoifunga koki kwa mpira wa baiskeli, hadi nikajisikia vibaya. Nikasema moyoni, huyu hakuja kwa ajili ya mtoto, huyu amekuja kwa ajili ya mashine ya Thabiti.

Warda alisikia maneno yangu kutoka chumbani. Alikuwa anawekwa ndani kama bibi harusi, hata simu nilikuwa nimemnyang'anya. Akatoka na kanga yake, macho yamevimba.

"Mama, amekukosea nini?"

"Hasemi! Mtu asiyesema ana lake jambo."

"Hasemi kwa sababu wewe ni mkwe wake! Ulitaka akupigie domo?"

Akarudi ndani, akalia. Kilio chake kilinikata maini, sitaki kudanganya. Huyu ndiye mtoto pekee niliyebaki naye. Lakini mimi nikishatamka, ulimi unaona aibu kurudi nyuma.

Alasiri akaja Selemani, mshenga wao, jasho linamtiririka. Hakukaa hata kwenye mkeka.

"Dada Saumu, kabla hujavunja nyumba ya watu, nina ujumbe. Nilipewa siku nyingi."

"Siku nyingi? Ukauweka wapi?"

"Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Kila mtu anakuogopa, dada. Bwana harusi anasema, kwa heshima zote, mashine yako ina maji tumboni."

Nilisimama. Mkwe anitumie mtu aje kunifundisha kazi! Nimeishika mashine ile miaka kumi na mmoja! Nilitaka kumtimua Selemani na ndara zake mkononi, lakini akaendelea harakaharaka: "Anasema ile koki umeifunga mpira kwa sababu ilikuwa inadondosha. Anasema yale yanayodondoka ndiyo hayohayo yanayotoka kwenye rangi. Hakuweza kukwambia usoni. Angewezaje?"

Hapo nikakaa mwenyewe.

Thabiti kila jioni akimaliza kazi alikuwa akifungua ile koki. Chiii! Upepo wote unakwenda zake. Nami kila jioni nilimsema, unamwaga umeme wetu wa LUKU, mwanaume wewe. Na pale chini sakafuni palikuwa na doa la kutu, nalisugua kila Ijumaa, namsema tena. Alikuwa anacheka tu. Mwaka jana alipofariki, nikaacha upuuzi wake. Jioni nazima mashine, upepo unabaki tangini, asubuhi naanza nao kazi bure. Nikajiona mjanja. Doa likafutika, nikafurahi.

Mwaka mzima maji yalikuwa yakijaa humo kidogokidogo, na sikuwahi kujiuliza doa lile lilikuwa la nini. Nililia mbele ya Selemani, bila kujali.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mkwe wangu, nani mwingine!"

"Yuko nje, nyuma ya ukuta. Anaogopa kuingia."

Nikapaza sauti. "Abdulkarimu! Ingia! Ukwe tutaurudia Ijumaa, leo nataka fundi."

Aliingia, macho chini vilevile. Akazima umeme ukutani, akapunguza upepo kidogokidogo mpaka mshale wa kipimo ukakaribia sifuri, akachuchumaa na kukata ule mpira. Akafungua koki taratibu, uso kaugeuzia pembeni. Ikakohoa. Kisha yakatoka maji mekundu kama maji ya magome ya mkandaa, yakatoka, yakatoka, mpaka yakafika nusu ya ndoo.

"Laa ilaha illallah!" Asia huyo, keshafika tena mlangoni.

Kijana bado hakuthubutu kuniambia neno. Basi akafanya kitu ambacho sitakisahau. Akaiinamia kompresa, akaanza kusema nayo.

"Wewe mashine," akasema kwa upole, "hewa yetu ya pwani ina maji. Ukiibana, maji yanabaki kwako. Kila jioni yatolewe, usilale nayo, yatakutoboa tangi. Na kichujio chako cha upepo kimejaa vumbi la msasa, kikung'utwe kila wiki. Na mafuta yako yaangaliwe."

Selemani kajifunika mdomo. Kutoka chumbani nikasikia Warda anacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Mashine imesikia," nikajibu. "Mashine inasema ahsante. Na inaomba radhi kwa maneno ya asubuhi."

Jioni ile tulipiga msasa mimi, Asia na Selemani, tena Selemani nilimlazimisha. Alhamisi asubuhi nikapuliza. Rangi ikatoka nyembamba, sawasawa, bila hata tone. Ijumaa kitanda kikatoka nyumbani kwangu kwa vigelegele, Asia akikipapasa njia nzima akitafuta kipele. Hakukipata, na alikitafuta kweli.

Baada ya siku saba maarusi walikuja kunisalimu. Warda alinikumbatia, akapitiliza jikoni kama hajaondoka. Mumewe akabaki mlangoni mwa karakana, macho chini. Chini pale, mbele ya miguu yake, doa la kutu lilikuwa limerudi kwenye saruji. Ijumaa ilikuwa imefika na sikuligusa. Akalitazama sana, akatabasamu.

"Mashine, shikamoo," akasema.

"Marahaba, baba," nikamwitikia. "Ingia ndani."