Amepoa

Lokwang hakuwa mtu wa kulala mchana. Kwa hiyo Akumu alipomkuta mume wake amejikunja juani nje ya nyumba yao ya kambini, kajifunika koti la jeshi na bado anatetemeka, alijua haya si mafua ya kupenga na kusahau.

Akamwambia waende hospitali. Lokwang akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Askari mzima nibebwe kwa sababu ya kamasi? Wenzangu watanicheka mpaka nistaafu."

Basi Akumu akaenda sokoni Mpondwe, mpakani, kwa Esperance, mama aliyevuka kutoka Butembo anayeuza dawa ya Kichina, chembechembe za kahawia za kukoroga kwenye maji ya moto.

"Hii njo dawa ya gripe, ya mafua, mama," Esperance alisema. "Inatosha moto yote mu mwili, inaitupa inje. Akipola, imeisha."

Lokwang alikunywa, akakunja uso. "Kumbe Wachina wanachemsha soksi!" Akumu akacheka.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Kifua kilikoroma, mwili uliwaka, na alipotajiwa hospitali Lokwang aliitikia kwa kichwa tu. Akumu akamwachia jirani yao Amoding, mke wa polisi, amnyweshe dawa iliyobaki. Yeye akakimbia barabarani kutafuta gari.

Alimpata Semu na pikapu yake ya nyanya, anaelekea Kasese.

"Panda, mama afande, tupitie kambini tumchukue mzee. Ila nyanya zikiharibika, mtazila nyinyi."

Mguu mmoja wa Akumu ulikuwa garini simu ilipolia. Alikuwa Amoding, ambaye Kiswahili alikikuta ukubwani, huko huko kambini.

"Dada, rudi. Mzee amepoa."

"Amepoa?"

"Amepoa kabisa! Moto hakuna. Hata kukohoa, ameacha."

Akumu akashusha mguu. "Semu, nenda zako. Mungu amesaidia, mgonjwa amepoa!" Semu akapiga honi kwa furaha, akaondoka.

Akumu akapita kwa Esperance kumshukuru. "Munasikia?" Esperance akawapigia kelele wenzake. "Mugonjwa yangu amepola!" Akumu akanunua samaki wa supu, akarudi akitembea taratibu, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Amoding alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia nyuma ya Akumu, barabarani.

"Gari iko wapi?"

"Gari ya nini?"

"Si nimekuambia amepoa? Mikono, miguu, yote baridi! Nimekuambia rudi!"

Samaki akaanguka. Ndani, midomo ya Lokwang ilikuwa ya bluu, na pumzi yake fupi kama ya mtu aliyepanda mlima. Amoding alishatoka mbio kutafuta gari jingine. Akumu alisikia sauti yake ikiita mbali, na hakuna injini iliyoitikia.

Lokwang akafungua macho. "Tuende," alinong'ona. Hakukuwa na ubishi tena ndani yake.

"Tunaenda, baba. Gari iko nje."

Akaanza kumvalisha buti. La kwanza alilifunga kamba vizuri, kama anavyopenda mwenyewe. La pili mguu haukusaidia kuingia, na kifua kilikuwa kimeacha kukoroma. Akumu akalisukuma, akalisukuma tena, akakaa chini amelipakata, kamba zimening'inia.