Sauti ya Natanaeli Katika Magari Matatu

Kwaya ilikosa nafasi. Magari yaliyokodiwa kumpeleka Élyse Mbarara kwenye arusi yake yalikuwa matatu tu, na baada ya kupakia ndugu, magunia ya maharagwe na masufuria, hakuna mwimbaji aliyebakiwa hata na pa kuegemea. Kwa hiyo siku chache kabla walikusanyika kanisani, pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakaimba nyimbo zao zote za arusi mbele ya simu ya Clémence. Jumamosi asubuhi simu ikapanda gari kwa niaba ya kwaya.

Clémence alikuwa mama mdogo wa Élyse, mjane wa Kirundi, muuza vitenge sokoni. Aliketi mbele kwenye gari la kwanza, kando ya dereva Kizito, Mkongomani wa Fizi. Nyuma aliketi bibi arusi mwenyewe na msimamizi wake, Orpa, na shela imetandazwa mapajani mwao wote wawili. Gari la pili lilikuwa Noah. Humo alipanda Ancilla, mama yake Élyse na dada mkubwa wa Clémence, pamoja na kaka zao na mashangazi. La tatu lilikuwa pikapu ya chakula, nayo iliendeshwa na Mnyankole mmoja wa Endiinzi.

"Mama Clémence, leta telefone," alisema Kizito. Alichomeka kidude kidogo cheusi kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara, kikawaka taa ya buluu. "Bajapani balitengeneza redio ya hii gari inaishia kwa tisini. Mastasyo mingi ya Mbarara iko juu ya tisini, sishike kitu. Njo maana nilinunua haka kadude. Kanachukua muziki kwa telefone yako, kanairusha, redio inaishika. Ni stasyo yangu mwenyewe."

Halafu alitoa kichwa dirishani akawapigia kelele madereva wenzake. "Muweke themanini na saba nukta tisa! Mukinifuata karibu, mutasikia bote!"

Kwenye barabara ya vumbi haikuwezekana kufuatana karibu. Waliokuwa nyuma walisikia mkwaruzo tu. Lakini walipofika Kabingo na kuingia lami, Noah ikasogea, pikapu nayo ikasogea, na kwaya nzima ikajitokeza katika magari yote matatu kwa wakati mmoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mashangazi wakaanza kupiga makofi. Dereva wa pikapu, ambaye hakujua Kirundi hata neno moja, alikuwa akitikisa kichwa na kugonga usukani kwa vidole.

Wimbo ukiwa katikati, ukakatika. Simu ya Clémence ilikuwa inaita. Kwenye kioo palikuwa na jina: Fundi Nata.

Huyo alikuwa Natanaeli, mshonaji wa mtaa wa Kakoba huko Mbarara, mzaliwa wa Uvira, mjane kama yeye. Ndiye aliyeshona gauni la Élyse na ile imvutano, vazi la heshima la Kirundi, aliyoivaa Ancilla siku hiyo. Tena alikuwa zaidi ya fundi, lakini jambo hilo walilijua wao wawili tu. Mara nyingi Clémence alikuwa amemwahidi kwamba atazungumza na dada yake, na kila mara alirudi Mbarara kununua vitenge akiwa hajasema kitu.

Alibonyeza kupokea, akaweka simu sikioni.

"Clémence wangu," ikasema sauti ya mwanamume kutoka kwenye spika za milango yote minne ya gari. "Mumefika wapi?"

Orpa alishika mdomo. Kizito, kwa huruma, akazima redio haraka.

"Alo?" akasema Clémence. Sikioni hakukuwa na sauti yoyote. "Alo? Nata, sikusikii! Alo!" Aligeuza simu, akaipuliza, akaijaribu kwenye sikio la pili. "Mtandao," alisema hatimaye, akakata.

Hakuna aliyekikumbuka kile kidude. Muda wote huo, kabla simu haijakatwa, kilikuwa kinawaka buluu, kinafanya kazi yake, na redio za magari ya nyuma hazikuwa zimezimwa na mtu.

"Hunisikii?" Natanaeli alikuwa akisema ndani ya Noah. "Mimi nakusikia muzuri. Basi pengine ni afadhali, nitakuwa na nguvu ya kusema. Clémence, nimechoka kungoja useme na dada yako. Leo nitasema mimi mwenyewe. Nimepangisha nyumba ya vyumba mbili, karibu na soko. Kimoja kiko na dirisha kubwa, nimepigisha kabati fasi ya kuweka vitenge vyako. Nakupenda tangu siku ile ulinirudishia kitambaa ukasema mishono imepinda. Dada yako namuogopa, sikatai. Wakati nilimupimisha ile nguo, mikono ilitetemeka mpaka nikamuchoma na pini. Akaniangalia kama askari. Lakini leo nitasimama."

Mashangazi walitazama vidole vyao. Ancilla alipeleka mkono begani, mahali pini ilipoingia.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema. Kisha akamgeukia dereva. "Piga honi, baba. Asimame."

Honi ya Noah ikalia, na ya pikapu ikaijibu kwa nguvu zaidi. Kizito alidhani ni pancha, akaegesha pembeni. Ancilla aliteremka, akainua pindo la nguo yake, akatembea mpaka dirishani kwa mdogo wake.

"Ni tairi?" aliuliza Clémence.

"Si tairi. Fundi hajambo?"

"Fundi gani?"

"Huyo aliyekuwa akituhutubia kwenye gari letu."

Kizito alitazama kidude, akajipiga kofi la uso. "Ee Mungu wangu! Nilizima redio ya kwangu tu. Ya kwao sikuizima!"

Clémence alijifunika uso kwa mtandio. "Dada, nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishazikwa?"

"Niliogopa. Nilijua utasema, umri huu, mjane, anatafuta nini."

Ancilla alimfunua uso taratibu. "Kila jioni tunasali pamoja, wewe na mimi. Ulidhani naomba mvua tu? Nilikuwa nakuombea mtu, Clémence. Ila sikujua ameshakuja, tena ameshanichoma na pini."

Élyse alipiga kigelegele kule nyuma. Clémence alicheka na machozi yakamtoka, kisha akashika mkono wa dada yake dirishani.

"Amesema nini?"

"Hayo ni yake. Atakuambia mwenyewe."

"Ancilla!"

Lakini Ancilla alikuwa ameshageuka, anarudi kwenye gari lake, na mabega yanatikisika kwa kicheko.

Njia yote iliyobaki Clémence hakutulia. Alimuuliza Élyse, naye hakuwa amesikia maneno ya fundi. Alitaka kumpigia Natanaeli, Kizito akamzuia. "Ukimupigia, bote batasikia tena. Acha kwaya iimbe, mama." Kwaya ikaimba mpaka Mbarara.

Kakoba, Natanaeli alikuwa amesimama langoni kwa bwana arusi, amevaa suti aliyoishona mwenyewe, na sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi, tayari kama gauni lingehitaji mkono. Mashangazi wakaanza kuteremka, na kila mmoja akamshika mkono. "Shemeji, habari za hapa?" "Shemeji, umependeza." Alijibu kila mmoja huku macho yakimtoka. Dereva wa pikapu alipita na sufuria kichwani.

"Shemeji, ile dirisha kubwa iko upande gani?"

Hapo jasho likamtoka Natanaeli. Ancilla ndiye aliyefika wa mwisho. Alimtazama tangu viatu mpaka ukosi.

"Imvutano imenikaa vizuri," alisema. "Karibu kwetu."

Walikwenda kanisani, Élyse akafungishwa ndoa, wakarudi, wakala. Watu walipoanza kucheza, Clémence alimvuta Natanaeli nje ya hema, kando ya tangi la maji.

"Haya, sema."

"Niseme nini? Si mulisikia bote?"

"Watu wote wamesikia, hata dereva wa maharagwe. Mimi peke yangu ndiye sijasikia."

Natanaeli alikohoa. Alianza na dirisha, akasahau nyumba, akarudi kwenye nyumba, akachanganya kabati na kitambaa kilichorudishwa, akasimama, akajifuta paji la uso. Clémence hakumsaidia hata kwa neno moja. Alikuwa amekunja mikono na kuinamisha kichwa kidogo, asipoteze kitu. Ilichukua muda mrefu kuliko kwenye simu.

"Nimekubali," alisema alipomaliza. "Ila hilo kabati nitalikagua kwanza."

Walirudi ndani wakati keki inakatwa. Ancilla alikuwa amewawekea viti viwili karibu na meza, akawafukuza kwa mkono watoto waliokuwa wameshavikalia.