Lengo la Nne la Raelene

Raelene Pascoe alikuwa na malengo manne ya mwaka. Aliyaandika kwa kalamu nyekundu akayabandika kwenye mlango wa friji. La kwanza, kupunguza kilo kumi. La pili, kujifunza gitaa. La tatu, kwenda kupiga mbizi visiwani. La nne, kumchoma nguruwe mwitu dume kwa kisu, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajatimiza miaka hamsini. Sasa ilikuwa Machi. Kilo zilikuwa zimeongezeka mbili, gitaa lilikuwa limekatika nyuzi, na visiwani alikuwa hajakanyaga. Hamsini ilikuwa inaingia Jumanne.

Msicheke. Kila mtu ana chake. Wapo wafugao kasuku, wapo washonao vitambaa, na wapo wanaojitupa kwenye kochi Ijumaa wakaamka Jumatatu, macho kwenye raga, wakaita hiyo starehe. Raelene alifua mashuka ya hospitali siku tano, na siku ya sita alikwenda kuwinda nguruwe na kaka yake Lyle. Huko ndiko roho yake ilikotulia. Lakini kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kubeba maji, kushika miguu ya nyuma ya nguruwe na kuwashona mbwa waliochanwa. Kisu kilikuwa cha Lyle siku zote.

"Wewe una moyo wa siagi," Lyle alizoea kumwambia. "Hata kuku unamwomba radhi kabla hujamchinja."

"Na wewe una mdomo mrefu kuliko hicho kisu chako."

Halafu kulikuwa na Tilly. Tilly alikuwa mbwa jike, rangi ya vumbi, mwaka wake wa tisa. Raelene alimlea kwa chupa ya maziwa tangu macho hayajafunguka. Mume alipofungasha virago, Tilly alipanda kitandani upande ule mtupu na hakushuka tena. Kwenye kuwinda hakuwa na mpinzani. Akishashika sikio la nguruwe ameshika, na hakuachia mpaka Raelene mwenyewe aseme "Acha." Siyo Lyle, siyo mtu mwingine. Kila Jumamosi Raelene aliomba jambo moja tu, arudi na mbwa wake mzima. Lengo la nne alilitaka, lakini bila Tilly hakujua angeishi vipi, na hilo alilijua vizuri.

Jumamosi hiyo saa tatu asubuhi joto lilikuwa tayari linatoa ulimi nje. Waliegesha pikapu mwisho wa shamba la miwa, mvua ya juzi ikipanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria. Lyle alimvalisha mbwa wake, Gus, kinga ya kifua na shingo, ile ngozi nene ya kuzuia meno ya nguruwe. Raelene aliishika ya Tilly mkononi akaigeuzageuza.

"Mvalishe, tuondoke," Lyle alisema.

"Wiki iliyopita alianguka kwa joto. Nilimmwagia maji nusu saa nzima, kaka. Nusu saa!"

"Na jino likimwingia utammwagia nini?"

Hayo ndiyo mabishano ya wawindaji wote wa huku, na hayana mshindi. Ukimvalisha mbwa mzee kinga siku ya joto, moyo unaweza kupasuka akikimbia. Usipomvalisha, basi ni yeye na jino. Raelene aliirudisha kinga nyuma ya pikapu. Alikosea, lakini alikosea kwa mapenzi, na mtu asiyewahi kukosea hivyo na anyamaze.

"Leo kisu nabeba mimi," alisema.

Lyle alimtazama toka chini hadi juu, kisha akakivua kiunoni na kumpa. "Bibi harusi! Haya, chukua. Ukianza kumwimbia nyimbo za kanisani nakunyang'anya."

Mbwa waliingia kwenye miwa bila sauti. Kifaa cha setilaiti mkononi mwa Lyle, kinachofuata kola za mbwa, kilionyesha wanakimbia, wanazunguka, wanakimbia, halafu vidoti viwili vikaganda mahali pamoja kando ya kijito, mita mia tatu. Mbwa wakiganda hivyo wameshika. Raelene aliutupa mfuko wa maji akakimbia. Majani ya miwa yalimkata mikono na uso na hakuyasikia. Nyuma yake Lyle alikuwa akihema na kutukana, "Ngoja, we mwanamke! Usimfuate peke yako!" Angengoja nini, miaka kumi na minane alikuwa amengoja.

Aliwakuta kwenye tope la kijito, maji yakifika magotini. Mama yangu! Lile halikuwa nguruwe wa kawaida. Lilikuwa dume jeusi lenye kimo cha meza, mgongo umejaa nywele ngumu, povu limejaa mdomoni, na meno yamejikunja nje, marefu na ya njano. Gus alikuwa amening'inia sikio la kulia, Tilly la kushoto. Dume lilikuwa likiwarusha huku na huku, likiwabamiza kwenye mizizi, na kila lilipotikisa kichwa lile jino la kushoto lilipita chini ya shingo ya Tilly.

Raelene aliona damu. Mimi nasema aliona. Ilikuwa inatoka mahali ambapo kinga ingekuwepo, inateremka kifuani, inaingia mguuni, haikuwa matone. Neno lilikuwa moja tu. Angesema "Acha," Tilly angeachia, dume lingekimbia zake kwenye miwa, na mambo yangeishia hapo.

Hakusema. Alichomoa kisu.

Lyle alitokea nyuma, akajitupa kwenye miguu ya nyuma, akaidaka yote miwili na kuinyanyua. "Nimemshika! Choma, Raelene! Choma!"

Raelene alichoma. Alichoma begani, kwa nguvu zake zote, na kisu kikakwama. Kila mtoto wa huku anajua kwamba dume mzee ana ngao begani, ngozi na gegedu nene kuliko soli ya buti, na kwamba kisu hupita nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Yeye mwenyewe aliwafundisha wengi kwenye baa, glasi ya bia mkononi. Siku yake ilipofika alichoma ngao. Dume lilipiga ukelele, likageuka nusu, likambamiza pajani akaanguka kwenye maji. Gus alirushwa akagonga mti, akabaki pale akigumia. Tilly alibaki peke yake, na jino likampita tena, na tena, na hakuachia.

"Nyuma ya kiwiko, mjinga wewe! Nyuma!" Lyle alipiga kelele, mikono ikimteleza. "Linanishinda!"

Raelene aliinuka na tope usoni. Hakuwa anafikiri tena. Alishika manyoya ya mgongo, akalala juu ya lile dume kwa uzito wake wote, zile kilo zote za friji, akatumbukiza kisu nyuma ya kiwiko mpaka mpini. Akakichomoa. Akatumbukiza tena. Akakikoroga huku anapiga mayowe asiyoyajua. Damu ilimrukia mdomoni, moto na ya chumvi. Dume lilipiga mateke, likalegea, likapiga tena, likatulia.

Tilly alikuwa bado amelishika sikio.

"Acha," Raelene alisema. "Acha, mama. Acha."

Tilly aliachia, na miguu yote minne ikamwisha nguvu mara moja. Raelene alimburura ukingoni, akamfungua manyoya ya kifua kwa vidole. Alichomoa kiunoni stepla ya kufungia vidonda, ile wanayoibeba kila safari, akabana moja, mbili, tano. Damu ilipita katikati ya vidole vyake kana kwamba hakufanya lolote. Akavua shati akalikandamiza hapo. Tilly alikuwa akimtazama usoni, akisubiri kuambiwa la kufanya. Kisha hakuwa akitazama tena. Jino lilikuwa limekata mshipa, na hata kama daktari wa wanyama angekuwa amesimama palepale asingeweza kitu.

Lyle aliinuka kutoka kwenye maji. Halafu akafanya lile ambalo baba yao alimfanyia yeye, na babu alimfanyia baba, maana ndiyo desturi kwa anayechoma dume lake la kwanza. Alichovya vidole kwenye kidonda cha nguruwe, akaja, akanyoosha mkono ampake dada yake kwenye paji la uso.

"Hongera, da—"

Raelene alimpiga ngumi ya mdomo. Lyle alianguka chali. Alimkalia kifuani akampiga tena, ya shavu, ya jicho, ya sikio, ngumi za mtu anayekamua mashuka siku tano kwa wiki, na Lyle mwanamume mzima hakuinua mkono hata kujikinga. Alipochoka alibaki amemkalia, akilia kwa sauti, makamasi na damu na tope vikimchuruzika.

"Niliiona damu, Lyle," alisema. "Niliiona kabla sijachoma. Neno moja tu! Neno lilikuwa hapa mdomoni nikalimeza, kwa ajili ya hii nyama."

Lyle alitema jino kwenye tope. Mdomo ulikuwa umeshaanza kuvimba.

"Najua. Nilikuwa bado kwenye miwa, nikakuona unaona," alisema. "Nikafurahi, dada. Nikasema, leo basi amekuwa mwindaji."

Raelene aliinuka juu yake. Alimbeba Tilly mabegani akashika njia ya kwenye gari, na lile dume akaliacha limelala majini.