Simu ya Wanaomdai Fabien

Siku kadhaa mtu tusiyemjua alitupigia simu asubuhi, akatupigia mchana, akatupigia tukila. Alisema mkwe wangu Fabien alikopa bidhaa kwenye machimbo ya dhahabu, akashindwa kulipa, na sasa amefungwa kamba hadi dola mia mbili zifike kwa simu. Matusi alitupa bure.

Fabien alikuwa ametoka hapa Ngezi, tulikokimbilia, kwenda kijijini kwetu Bule, kuchungulia mashamba tuliyoyaacha vita iliporudi Djugu. Hatukupata habari zake tena. Basi mkewe, binti yangu Clémence, aliamini kila neno la yule mtu. Alilia, kisha akamwita jirani yetu Gérard, fundi nguo, aje anunue mashine yake ya kushona, kitu pekee kilichotulisha. Gérard akaja mbio, pesa mfukoni, macho yote kwenye mashine. Nilichemka kwa hasira.

Simu ikalia. Nikaipokonya mikononi mwa Clémence.

"Weye unayemudai Fabien, mupe simu nisikie sauti yake!"

Kukawa na purukushani kidogo, kisha mwanaume akaangua kilio. "Mama Véronique! Ni miye Fabien! Véronique, unisaidie, wataniuwa!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka Gérard akadhani nimepandwa na pepo. Véronique ndilo jina langu, na kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe wake, wala hasemi naye ana kwa ana, na Fabien alishika heshima hiyo hadi akaniudhi. Siku tuliyokimbia kutoka Bule, risasi zikilia, nami nimesimama mbele ya pua yake, alimgeukia Clémence: "Ambia mama akimbie!"

"Muongo weye," nikamwambia yule wa simu. "Mukwe yangu hawezi kutaja jina yangu hata mukimuweka kisu kwa shingo. Tafuta kazi ya kufanya!"

Nikakata. Gérard nikamwambia arudi na pesa zake, mashine haiuzwi. Akaondoka amenuna. Mimi nilikaa kwenye kiti, kichwa juu, nikijiona mwanamke wa maana sana. Nikamwambia Clémence atuchemshie chai, kwa kuwa tumewashinda.

Hakuinuka. Alikuwa bado anaitazama simu.

"Mama," akasema, "kama hawa hawako naye, nani iko naye?"

Kicheko kilinikaukia. Siku zote zile yule mwongo alimpa binti yangu mume aliye hai, amefungwa kamba lakini yu hai, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya huku nikicheka. Iliniuma kuliko matusi yote. Nikamvuta kifuani, akalia, nami sikumwambia anyamaze.

"Kesho tunaenda Iga Barrière," nikamwambia alipotulia. "Tutasimama pale kwa njia ya Bule, tuulize kila mutu anayetoka kule. Na kama hawajue, siye wenyewe tutaendelea mbele."

Clémence akapangusa uso, akaenda kutafuta viatu vyake vya kutembelea.