Mstari Ulipokata Chini

Mapafu ya baba yaliliwa na moshi wa kuchomelea vyuma, miaka thelathini bila kujifunika pua. "Moshi unaniogopa mimi," alikuwa akijigamba. Haukumwogopa hata kidogo. Mwaka huu akawa mtu wa kulala sebuleni, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda, mama akiununia kama mke mwenza: "Bi mdogo huyo, mchana kutwa kumpulizia tu!"

Siku ile tulibakiwa na mtungi mmoja. Gari la kuleta mwingine liliahidiwa saa nane mchana. Geji ya mtungi, kile kipimo cha hewa iliyobaki, ilikuwa imegoma tangu jana, kwa hiyo mdogo wangu Cheche, mrithi wa karakana, alifungua sanduku la zana la baba, akakuta geji kuukuu ya shaba, akaifunga baba akiwa usingizini.

Mimi nafundisha hesabu. Mwenye nyundo huona misumari kila mahali. Mimi naona grafu. Nikatwaa karatasi ya miraba. Saa mbili asubuhi sindano ilisoma mia na arobaini. Saa tatu, mia na ishirini. Saa nne, mia. Nukta tatu, rula, na mstari ukateremka mnyoofu kama gwaride. Nikauvuta mpaka ukakata mhimili mlalo, kule chini kwenye sifuri.

"Saa tisa," nikatangaza. "Gari linakuja saa nane. Tuna saa nzima ya akiba."

"Dada, si niende hospitali nikachukue mwingine mwenyewe?" Cheche akauliza. "Kwenda na kurudi ni saa mbili tu."

"Ulipata ngapi hesabu, wewe?"

"Kumi na tisa."

"Kwa mia. Kaa hapo umpepee baba."

Akacheka, akakaa. Baba alikuwa ameamka, akiitazama geji. Barakoa usoni, pumzi za kuhesabu, maneno yalishamshinda. Akanyoosha mkono kuomba karatasi. Nikafurahi: fundi mkuu anakagua kazi. Akaweka ukucha kwenye arobaini, akauburuta kulia, taratibu, akikandamiza, mpaka ukingoni. Kisha akanitazama.

"Baba, unanichania grafu yangu," nikamtania, nikaichukua. Akafumba macho. Nilidhani amechoka.

Saa tano, themanini. Saa sita, sitini. Kila nukta ilikaa juu ya mstari, nami nikajisifu mbele ya mama. Saa saba, arobaini.

Saa saba na dakika tano, bado arobaini.

"Imeacha kushuka!" Cheche akapiga makofi. "Mama, bi mdogo kaona haya!"

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika miguu ya baba. "Mbona ya baridi hivi?"

Nikaweka sikio kwenye mpira wa hewa. Kimya. Kifua cha baba kilipanda, kikangoja, kikapanda tena kidogo. Cheche akafungua koki mpaka mwisho, akaupiga mtungi kofi, akakimbilia barabarani kutafuta gari lolote. Mama akaanza kumwita baba kwa jina la ujanani, ambalo hatukuwahi kulisikia. Saa saba na nusu akaacha kumwita.

Gari lilifika saa nane kamili. Mleta mitungi, jasho likimtiririka, alijisifu kwa kuwahi. Cheche akafungua geji kwa spana na kuiweka mezani, peke yake, haijashikana na kitu. Sindano ikabaki arobaini.

"Haishuki chini ya hapo," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe mzee ameitumia hivyo miaka yote. Alikuwa anaondoa arobaini kichwani."

Nikaiinamisha karatasi dirishani. Alama ya ukucha ilionekana vizuri, imenyooka kuliko rula yangu, na mstari wangu ulikuwa umeikata penye saa saba.

"Dada," Cheche akasema, "ningeondoka ile saa nne…"

"Ungerudi saa sita," nikamjibu.