Sheria ya Saa Kumi

Pesa ya ng'ombe iliingia kwenye simu ya Flavian siku ya Ijumaa alasiri, na mnada wa Laela ulikuwa Jumatatu. Katikati kulikuwa na Jumamosi na Jumapili, siku ambazo Wazungu wanacheza mpira.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa maksai mzee aliyeharibika kwato. Kornel, baba yake Flavian, alimuuza kwa mtu wa bucha, na kusudio lake lilikuwa moja tu: kwenda mnadani Jumatatu kununua maksai kijana wa kumfunga nira na yule aliyebaki zizini. Mvua zilikuwa karibu, upepo wa Ufipa ulishaanza kubadili upande. Bila ng'ombe wa pili, shamba lote lingerudi kwenye jembe la mkono, na Kornel alikuwa na miaka sitini na tatu, mgongo wake unajulikana kijiji kizima.

Mtu atauliza, kwa nini pesa iende kwenye simu ya mtoto? Ni kwamba Kornel hakuwa na laini. Wakati ule wa kusajili kwa vidole, mashine ilikataa vidole vyake, alama zimeliwa na mpini wa jembe. Mke wake Bertilla akaweka vya kwake. Bertilla alipofariki, Kornel alikwenda mwenyewe mjini kuwaambia kwamba mwenye laini hayupo tena duniani. Wakamshukuru, wakaifunga palepale. Angenyamaza, mpaka leo angekuwa na laini. Serikali hii ukiiambia ukweli ndivyo inavyokulipa.

Flavian alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtoto mpole, hanywi, havuti, kanisani anaimba sauti ya tatu. Mwaka jana hela ya mbolea ilipotelea kwenye simu hiyohiyo, kwenye kamari ya mpira. Mahindi yalitoka ya njano, mafupi, na Flavian aliyavuna bila kuinua uso.

"Twende tukaitoe leo," Kornel alimwambia.

"Kwa wakala, kwa Rozina, hakuna keshi ya kiasi hicho, baba. Jumatatu tutaitoa hukohuko mnadani. Ya nini kulala na hela ndani siku tatu?"

Maneno yalikuwa na akili. Ndiyo yaliyomtisha Kornel. Akavaa koti, akaenda kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji alikuwa binti mmoja anaitwa Asnath, kwao Milanzi, mjini Sumbawanga. Wiki yuko kijijini, Jumamosi mchana anapanda basi kwenda kwao.

"Shikamoo, mzee Kornel."

"Marahaba, mama. Nataka umzuie mwanangu simu."

"Kafanya nini?"

"Bado. Atafanya kesho."

Asnath akaweka kalamu chini. Kornel akamweleza yote, ng'ombe, mnada, mbolea ya mwaka jana.

"Mzee, ile kampuni ya kamari ina leseni. Inalipa kodi. Na Flavian ni mtu mzima na hela yake."

"Si hela. Ni ng'ombe."

"Ikishaingia kwenye simu ni hela."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na karatasi ya sheria ndogo za kijiji. Kornel alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini ile karatasi aliijua kwa moyo. Marufuku kunywa au kuuza pombe kabla ya saa kumi jioni. Marufuku kucheza pool kabla ya saa kumi jioni. Faini shilingi elfu hamsini.

"Basi na hiyo kamari ya simu iwekeni hapo," alisema. "Saa kumi, kama pombe."

Asnath hakucheka kwa ubaya. "Mechi zenyewe zinaanza saa kumi, mzee wangu. Utakuwa umemfungulia mlango." Kisha akasema kama anataka, aandike maombi, yeye atayapeleka kata, kata watayapeleka wilayani, na huko juu kuna watu wanalifikiria jambo hilo.

"Wanalifikiria mpaka lini?"

"Hilo sijui, mzee."

Kornel alirudi nyumbani akitembea polepole. Bertilla alikamatwa mara mbili kwa karatasi ile. Chungu kimoja cha pombe ya ulezi, nyuma ya zizi, saa nane mchana, anatafuta hela ya madaftari ya huyuhuyu Flavian. Waliimwaga chini, na mara ya pili wakamlaza stoo ya kijiji, kwenye sakafu, mwezi wa sita, baridi ya huku unaijua. Chungu cha mwanamke nyuma ya zizi walikiona. Kampuni yenye picha zake kwenye kila duka la Laela, hiyo ina leseni. Kornel hakukasirika. Hasira ilikuwa imemwishia zamani, ilibaki hesabu tu: mtu akikamatwa Jumamosi asubuhi, hatoki mpaka mtendaji arudi Jumatatu. Na mtuhumiwa haingii stoo na simu.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikwenda kwa jirani, Silvana, akarudi na pombe ya ulezi kwenye kopo. Alikuwa hajazoea kubeba vitu kwa siri, nusu ikamwagikia mkono wa koti. Flavian alikuwa kwenye kigoda mlangoni, macho kwenye simu. Kornel akaliweka kopo karibu na mguu wake, akaenda kumwita Adolfu.

Adolfu alikuwa mgambo, na ni kaka wa marehemu Bertilla. Alikuja na rungu lake, akaliangalia kopo, akamwangalia mpwa wake, akamgeukia Kornel.

"Shemeji, huyu mtoto hanywi."

"Leo kanywa."

"Vikombe vingapi?"

"Sema viwili."

"Mbona anayenuka ni wewe?"

"Fanya kazi yako, Adolfu."

Flavian aliinua kichwa. "Baba, nimekunywa?"

"Umekunywa."

Kijana akaliangalia koti la baba yake lililolowa. "Haya," alisema, akasimama. Lakini Adolfu aliponyoosha mkono kuchukua simu, akarudi nyuma. "Simu niachieni, mjomba. Mimi nifungeni tu, simu niachieni." Aliomba hivyo njia nzima mpaka ofisini. Pombe hakuibishia hata neno moja. Asnath akaizima simu, akaifungia kwenye droo, ufunguo akautia kwenye pochi, na saa sita basi likampitia.

Siku ile Kornel alilala mchana. Alikuwa hajawahi kulala mchana tangu msiba.

Jumapili baada ya misa alimpelekea mwanawe ugali na maharage. Stoo ilikuwa ubavuni mwa ofisi, mlango wa mbao wenye upenyo chini, wa kupitishia sahani. Adolfu alikuwa nje kwenye benchi, redio ndogo pajani.

"Umekula jana?" Kornel aliuliza mlango.

"Mjomba alinipa viazi."

"Usiku baridi?"

"Kuna magunia."

Kijiko kikasikika kwenye sahani, kisha kikaacha kusikika.

"Baba, nilishaituma."

"Umetuma nini?"

"Pesa. Ijumaa, ulipokuwa kwa mtendaji. Yote. Umekuja kunikamata Jumamosi, mkeka ulishaingia."

Kornel alikaa chini, mgongo kwenye ukuta. Ndani mle sauti ilikuwa imeanza kwenda haraka. Mkeka, alisema Flavian, ni mechi unazozipanga pamoja, zote zitokee kama ulivyosema, ikikosea moja umekwisha. Yeye alipanga tano. Nne zilishatokea jana. Mjomba alimpa matokeo kutoka redioni.

"Kweli," Adolfu alisema kwenye benchi. "Nne zimetoka kama alivyoniambia."

"Imebaki moja, ya leo saa kumi. Baba, nisikilize. Kabla haijaanza unaweza kuuvunja mkeka. Unabonyeza, wanakurudishia. Ng'ombe anarudi mzima na nyongeza kidogo. Nahitaji simu tu. Dakika mbili."

Kornel akafikiri. Mwaka jana pia ilikuwa imebaki moja. Kila mcheza kamari imembakia moja, na kila mmoja alikuwa karibu kuacha. Lakini upande wa pili wa mlango alikuwa mtoto aliyekuwa haongopi, hata pombe ambayo hakunywa hakuikana.

"Ungesema jana," alisema.

"Jana ungeniamini?"

Kornel akamwomba Adolfu ampigie Asnath. Simu ilipokelewa mara ya tatu, nyuma yake kuna ngoma na vigelegele, kulikuwa na kipaimara huko Milanzi.

"Mama, nilidanganya," Kornel alisema. "Hakunywa. Ile pombe niliiweka mimi. Tunataka simu yake."

Ngoma zikalia kidogo. "Mzee, jana umeniambia kanywa, umeweka na kidole gumba kwenye karatasi. Leo unasema hakunywa. Ufunguo ninao mimi na basi la leo limeshapita. Jumatatu utanieleza vizuri."

Kornel akarudisha simu. Akaiangalia kufuli ya ofisi, ilikuwa ndogo, ya Kichina.

"Usiiangalie hivyo," Adolfu alisema. "Kuvunja ofisi ya serikali si elfu hamsini, shemeji. Hiyo wanakupeleka Sumbawanga, na mimi wanavua nguo zangu za mgambo hapahapa nibaki na chupi."

"Hata hiyo unayo?"

"Ya Jumapili ipo."

Kornel angeweza kuipiga jiwe. Alilifikiria jiwe, akaliona lilipo, karibu na mlingoti wa bendera. Hakuinuka. Hakujua kama ni woga au ni kwamba mwili ulikataa tu.

Saa kumi mpira ukaanza. Adolfu aliisogeza redio karibu na mlango. Walisikiliza watatu, wawili nje, mmoja ndani, kama watu wanaosikiliza matangazo ya vifo. Timu ya Flavian ilitakiwa kushinda. Ilitangulia kufunga, na ndani ya stoo kijana akapumua kwa sauti. Kipindi cha pili wenzao wakarudisha. Muda ukaenda. Upepo ulipeperusha vumbi mbele ya ofisi, Kornel akageuza kola ya koti, bado ilikuwa na harufu ya ulezi. Dakika ya mwisho kabisa mtangazaji alipiga kelele jina moja refu, na haikuwa timu ya Flavian.

Adolfu akazima redio. Akaingiza mkono chini ya mlango, akavuta sahani. Maharage yalikuwa yamebaki.

Jumatatu Asnath aliwasili saa tatu. Akafungua ofisi, akafungua stoo, akawakalisha baba na mwana mbele ya meza.

"Kwa hiyo kanywa au hakunywa?"

"Hakunywa," Kornel alisema.

"Basi yeye hana kosa." Akampa Flavian simu yake. Akaishika ile karatasi ya ukutani kwa pembe, akaipandisha kidogo asome chini kabisa, mahali ambapo Kornel hakuwahi kufika. "Lakini kutoa taarifa ya uongo kwa ofisi ya kijiji, mzee, kuna kifungu chake. Ni elfu hamsini vilevile. Siwezi kukusamehe, mgambo ameshaandika kwenye kitabu."

"Hiyo ipo?"

"Ipo."

"Ya simu haipo, hiyo ipo."

"Mzee wangu, mimi sikuziandika."

"Najua hukuziandika wewe," Kornel alisema. "Wanaoziandika hawalimi."

Alipewa siku saba za kulipa. Wakatoka. Flavian aliwasha simu akitembea, meseji zikaingia mfululizo, akazisoma moja moja mpaka ya mwisho, akaitia mfukoni. Hakuna aliyetaja mnada. Barabarani walipishana na watu waliokuwa wanaswaga ng'ombe kwenda Laela, wakasimama pembeni kwenye majani wawapishe. Walikuwa wengi. Flavian aliwasalimia waswagaji, nao wakaitika.

Vumbi lilipotulia wakaendelea.

"Yule aliyefunga mwishoni," Kornel aliuliza. "Ni nani?"

"Mchezaji wa akiba. Aliingizwa dakika tano kabla."

"Wa nchi gani?"

"Sijui, baba."

"Mkubwa?"

"Ana miaka kumi na tisa."

Kornel akatikisa kichwa. Alijaribu kumwona, kijana wa miaka kumi na tisa anakimbia kwenye nyasi mahali fulani, akashindwa. Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda stoo ya nyuma, akatoa majembe mawili, akaanza kugonga kabari kwenye mpini wa moja. Lile la pili akaliegemeza ukutani, upande wa mlango wa Flavian.