Upepo Apanda Nyuma

Jina la Upepo hakujipa mwenyewe, alipewa, na alilistahili. Pale kijiweni, walipokaa waendesha pikipiki wanaosafirisha vifurushi, hakuna aliyethubutu kubishana naye habari za mwendo. Kifurushi chake, alipenda kusema, kinafika kabla mwenye kukituma hajamaliza kuaga kwenye simu. Kwa kutia chumvi naye hakuwa na mpinzani, lakini mwendo ulikuwa wa kweli, na tusimpunje, ufundi ulikuwa wa kweli pia. Alijua kuibembeleza breki. Alijua kuangalia gurudumu la mbele la gari badala ya kumwangalia dereva usoni, maana dereva anaweza kukutazama asikuone, ila gurudumu likianza kukata kona limekata.

Wenzake walimwonya, hasa Kipara, aliyewatangulia wote katika kazi ile.

"Utatuua kwa presha, wewe," Kipara alimwambia.

Upepo alikuwa na jibu lake moja, na hakuchoka kulitoa. "Mke wangu nampakia kila asubuhi. Umewahi kumsikia analalamika? Hata kuguna haguni! Ningekuwa hatari, yule mwanamke ungemsikia mpaka hapa kijiweni."

Hapo watu walimkubalia, kwa sababu mkewe walimfahamu. Alikuwa fundi cherehani, na kuongea kwake kulikuwa sehemu ya ushonaji. Aliongea huku pini ziko mdomoni, akaongea na kitambaa kikikataa kukunjika, na wateja wengine walileta nguo ambazo hazijachanika ili wapate kumsikiliza. Mahali pamoja tu alinyamaza, nako ni nyuma ya mumewe, kutoka mlangoni kwao mpaka kwenye chumba chake cha kazi ng'ambo ya bonde. Upepo aliupenda sana ukimya ule. Aliamini ni raha inayomfunga mdomo.

Basi siku moja Upepo alianguka. Wale waliokuwa wakiisubiri ajali yake kubwa ya barabarani walipata aibu, maana alianguka kutoka kwenye stuli jikoni, akibadilisha taa. Akavunjika mfupa wa bega la kulia, mkono ukafungwa kitambaa shingoni, daktari akamkataza pikipiki mpaka atakapomruhusu mwenyewe. Kijiweni walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kipara alimletea stuli fupi, iliyofungwa utepe.

Sare za shule zilikuwa zimeshashonwa na zinangoja kupelekwa, kazi ambayo siku zote Upepo aliifanya. Mkewe alitazama marundo yale ya sketi na kaptula, akamtazama na mumewe.

"Nifundishe," akasema.

Alimfundishia kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya maghala. Na mtu yule, aliyekuwa akipita sokoni kama anafukuzwa, alipogeuka mwalimu alikuwa mkali kuliko mkaguzi. Klachi iachie polepole. Breki zote mbili, usiikamate ya mbele peke yake, itakutupa. Usitazame shimo, ukilitazama utaliingia, tazama pale unapotaka kupita. Kwenye kona usiyoona mwisho wake, punguza kabla hujaingia, ukishaingia umechelewa.

"Ngoja kwanza, baba watoto," mkewe akasema, akizima injini. "Kona ile ya kiwanda cha mbao, unaona mwisho wake?"

"Haionekani, kuna ukuta."

"Mbona wewe hupunguzi?"

"Mimi nimezoea."

"Ahaa," akasema fundi cherehani, akawasha tena.

Alijifunza kama anavyoshona, hatua hairukwi. Alifanya mtihani, akapata leseni, akazipeleka sare zote bila hata moja kuingia mkunjo. Upepo alijigamba kwa niaba yake kijiweni, kisha akarudi nyumbani akalalamika kwamba anaendesha mwendo wa kinyonga.

Ikafika siku ya Upepo kurudi kwa daktari akaangaliwe bega. Mkewe akaitoa pikipiki uani, akamkabidhi kofia ngumu ile ya abiria, yenye kamba inayobana kidevu. Tangu ainunue pikipiki hiyo, Upepo hakuwahi kukaa nyuma yake. Alipanda akijichekea mwenyewe, mkono mmoja kifuani ndani ya kitambaa, wa pili hajui auweke wapi.

Kwenye tambarare, mtu wa baiskeli aliwapita, akawapungia mkono.

"Mama watoto, tunapitwa na baiskeli!"

"Anawahi, mwache awahi."

Lakini mteremko ulipoanza, Upepo aliacha kucheka. Kule nyuma haoni kitu isipokuwa mgongo wa mkewe. Shimo likija halioni, analisikia tu tumboni. Lori likivuma pembeni hajui kama litawabana au litapita. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga breki ambayo haikuwepo. Kila alichokijua kuhusu barabara kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, naye amekaa kama gunia. Mkono wake mzima ukatafuta pa kushika, ukaikuta keria, kile chuma cha nyuma ya kiti, akaking'ang'ania roho ikiwa mkononi. Na huo ulikuwa mwendo wa kinyonga.

Kwenye kona ya kiwanda cha mbao mkewe alishusha gia mapema, kama alivyofundishwa. Waliizunguka taratibu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na lori linatoka kiwandani kinyumenyume, mbao zimechomoza na kuikata barabara nzima, usawa wa kifua. Mkewe akasimama bila papara. Akamsalimia dereva, akamuuliza habari za watoto, akangoja.

Upepo alianza kupiga hesabu ya mwendo wake mwenyewe mahali pale, akaiacha njiani. Hakutaka kufika mwisho wake.

Alipotaka kuachia keria, ndipo alipoviona vidole vyake. Vilikuwa vimekaa mahali ambapo rangi imeliwa mpaka chuma kinang'aa, alama nne zimepangana, kila kidole na nyumba yake. Upande wa pili wa keria rangi ilikuwa nzima. Sehemu ile aliipaka rangi tena na tena, akizilaumu kamba za mizigo, akimlaumu na muuza rangi kwamba anauza maji. Kumbe ni mkono. Alama zilikuwa nyembamba kuliko vidole vyake.

"Mama watoto," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kijiweni. "Ulikuwa unaogopa?"

Hakuuliza lini. "Kila siku," akajibu.

"Na huo ukimya wote?"

"Nilikuwa nashona gauni kichwani. Nikianzia nyumbani kwenye kola, tukifika hapa niko mikononi. Mikono yote ya gauni zangu nimeishonea kona hii."

"Mbona hukuniambia, jamani?"

"Nyumbani nilikuwa naanza kusema, nakuona unavyoipangusa hii pikipiki, uso umekukunjuka, nasema nisimharibie. Na huku njiani ningekuambia vipi? Wewe ukisemeshwa lazima ugeuke nyuma kujibu!"

Alimpenda mwanamke yule tangu zamani, lakini pale, nyuma ya lori la mbao, mapenzi yalimuumiza kuliko bega. Miaka yote alikuwa akimtoa mkewe kuwa shahidi wake kijiweni, na shahidi mwenyewe ameng'ang'ania chuma.

Jioni alikwenda kwa Kipara. "Lile jibu langu la mke wangu haguni," akasema, "nimelifuta." Kipara akamsogezea stuli akae.

Daktari alipomruhusu, mkewe alimpa ufunguo mwenyewe, kwa sharti kwamba siku za kupeleka sare pikipiki ni yake. Upepo akakubali. Akampakia nyuma kama zamani, na kama zamani mkewe akanyamaza, mkono mmoja tumboni kwa mumewe, wa pili kwenye keria. Upepo aliteremka bondeni polepole, akimsikiliza kwa mgongo. Kimya. Alijua kwamba mwanamke anaweza kusamehe leo na mkono wake usisamehe mpaka mwakani. Wakakaribia ukuta wa kiwanda. Akashusha gia mapema, akaiingia kona kama anaingia chumba chenye mtoto aliyelala.

"Halafu yule mwalimu mkuu," sauti ikasema sikioni mwake, "ati anataka sketi ziongezwe urefu! Nimeshazikata! Nikamwambia, mwalimu, kitambaa hakioti kama majani."

Na mkono wa pili ukaja tumboni kwa Upepo, ukakutana na mwenzake.

Alimsema mwalimu mkuu kona nzima. Mlimani akamsema wifi yake, kisha jirani mwenye jogoo, kisha Upepo mwenyewe na stuli yake, akauliza maswali, akataka majibu. Upepo alikuwa na furaha iliyotaka kumtoa machozi. Kila swali alilijibu kwa sauti kubwa, akitazama mbele.